Zege Juu ya Kiwanja cha Baba

Wenzake kazini walimwita Kobe, na mwenyewe hakununa. Katika kazi ya kutegua mabomu, mtu akikuita kobe amekusifia. Sungura wa kazi ile huwa hawazeeki.

Asubuhi alipiga magoti mbele ya utepe mwekundu, kofia yenye kioo usoni, fulana nzito ya kujikinga kifuani, kigunduzi cha chuma mkononi. Jua likifika utosini ungemkuta amesogea mbele kiasi cha kitanda cha mtu mmoja, basi. Kigunduzi kikilia, alikiweka kando, akachukua kijiti chake chembamba na kuanza kuchokoa udongo kwa kukilaza, polepole, kama mtu anayemtoa mtoto mwiba mguuni. Mara nyingi alichokitoa kilikuwa msumari, kifuniko cha soda au ganda la risasi. Mara nyingine kilikuwa chenyewe.

Mahali hapo palikuwa kambi ya jeshi zamani. Jeshi lilipohama liliacha majengo yasiyo na mabati, mnara wa maji uliotoboka, na uwanja mpana ambako kwa miaka mingi askari walijifunza kurusha makombora. Si kila kombora lililorushwa lililipuka. Mengine yalizama udongoni yakalala, na nyasi zikaota juu yake, nzuri, nene, za kijani kibichi, maana hakukuwa na ng'ombe wa kuzila. Ng'ombe waliojaribu hawakurudi kuwasimulia wenzao.

Lakini Kobe hakuingia kazi hiyo kwa kupenda hatari. Ndani ya uwanja ule, upande wa bondeni, kulikuwa na kiwanja cha baba yake. Yeye alikuwa mtoto wa kushikwa mkono kambi ilipopanuliwa, na watu wa bondeni wakaambiwa wapishe kwa muda. Kwa muda! Mama yake alitoka na sufuria kichwani, binti mkononi na mimba tumboni, akaacha nyuma nyumba yake na kaburi la mumewe ambalo udongo wake ulikuwa haujatulia. Juu ya kaburi alikuwa ameviringisha jiwe jeupe kwa mikono yake mwenyewe, tumbo lake hivyo hivyo, kwa sababu hakuona nani wa kumsubiri. Huo muda walioambiwa ukageuka maisha. Mimba ikawa kijana, kijana akawa fundi mwashi mwenye ndevu, na mama bado anasema "kwetu" akimaanisha bondeni.

Siku redio ilipotangaza kwamba uwanja utasafishwa na wenyewe watarudishiwa ardhi, Kobe alikuwa mshonaji wa sare za shule. Alifunika cherehani kwa kitambaa, akaenda kuomba kazi.

"Wanaume wameisha?" mama alimuuliza.

"Wapo, mama. Lakini wana haraka."

Walipanga vyumba viwili katika safu ya nyumba zilizotazamana na uzio wa kambi, mama na Kobe chumba kimoja, mdogo wake na mkewe kingine. Kila asubuhi mama alitoa kigoda chake mlango wa nyuma, akakaa kuelekea bondeni kama mtu anayemngoja mgeni. Binti akirudi jioni na vumbi hadi kwenye kope, alikuwa na swali moja tu.

"Mmefika wapi?"

"Tunakaribia, mama."

"Kukaribia si kufika," mama alijibu, kisha akamchotea maji ya kuoga.

Mdogo wake naye hakukaa bure. Kila alipokosa kazi ya watu alifyatua matofali, akayapanga nyuma ya nyumba na kuyafunika kwa nailoni. "Dada akimaliza kupapasa udongo wake mimi naingia na pima maji," alisema. "Tatizo ni kwamba anapapasa kama anatafuta sindano iliyomwangukia bibi harusi."

Kobe alifanya kazi sambamba na mwanamume mmoja waliyemwita Padri. Hakuwa padri, siku za mapumziko alikuwa kinyozi. Jina alilipata kwa sababu kila kombora walilolipata alilifanyia ishara ya baraka kwa mbali na kulinong'oneza, "Nenda kwa amani, usiondoke na mtu." Msimamizi wao aliitwa Filimbi kwa ile filimbi iliyoning'inia shingoni mwake. Akiipuliza, kila mtu anasimama palepale alipo. Alikuwa mkali kama pilipili, ila hakuna mtu aliyewahi kuumia mikononi mwake, na hilo walilijua.

Walifika bondeni kiangazi kikielekea ukingoni. Kobe alipatambua mahali kabla kigunduzi hakijalia, kwa jinsi mama alivyopasimulia tangu utotoni: msingi wa mawe umebaki, visiki viwili vya miti ya matunda, ardhi inateremka kidogo kuelekea kijito kilichokauka. Alisimama kizingitini mwa nyumba isiyokuwepo. Alitaka kuvua kofia, akakumbuka masharti, akaiacha.

Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba. Alijipa siku kadhaa za kulifikia, akifuata utaratibu bila kuruka hata shubiri. Lakini alipouvuka msingi, kigunduzi kilianza kulia na hakikunyamaza. Alikipeleka kushoto, kinalia. Kulia, kinalia. Mbele ndiyo kabisa, kinapiga kelele kama mtoto aliyebanwa mlangoni. Ardhi yenyewe ilikuwa imebonyea katikati, kama godoro alilolalia mtu mzito. Jiwe jeupe halikuonekana popote.

Filimbi aliipuliza filimbi, akaja, akachuchumaa, akatazama kwa muda mrefu.

"Hili ni shimo," alisema. "Siku wanahama hawakutaka kubeba mizigo ya zamani. Wamechimba, wamemwaga, wamefukia."

"Lakini kwa nini hapa, bosi? Uwanja wote huu?"

"Ungekuwa wewe ni askari umeambiwa uchimbe shimo na ardhi yote ngumu kama kisigino, ungechimba wapi? Si pale penye udongo laini?"

Hakujua anazungumza na nani. Kobe alijua. Bonde zima, udongo laini ulikuwa mahali pamoja tu, pale palipokwisha kuchimbwa mara moja kumlaza mtu. Alihisi fulana ya kujikinga imekuwa nzito ghafla, akaomba maji.

Taratibu za kazi zilisema wazi kwamba shimo kama hilo haliguswi. Unaweka uzio, unaripoti, unasubiri mhandisi kutoka makao makuu. Kusubiri huko kulijulikana. Mvua zingekuja, zingeondoka, na zingekuja tena. Na maji yakiingia shimoni, kila kitu kingeoza zaidi na kuwa kibaya zaidi. Ndivyo alivyomweleza Filimbi siku ile, na siku iliyofuata, na nyingine.

"Tutoe ya juu tu, bosi. Yale yanayoonekana. Mhandisi akija akute kazi imepungua."

"Kobe, leo umeota mabawa?"

"Ni kwetu hapo, bosi. Baba yangu yuko humo."

Filimbi aliishika filimbi yake, akaiachia. Alikuwa mwanamume mwenye binti wa rika la kuolewa, na labda hilo ndilo lililomponza. "Wewe na Padri peke yenu," alisema mwishowe. "Mapipa ya maji karibu, gari la wagonjwa tayari. Mkiona sanduku, hata pembe yake tu, mnasimama. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Walifanya kazi ile kama watu wanaomwogesha mtoto mchanga. Waliondoa udongo kwa mwiko mdogo na brashi. Makombora ya juu yalitoka moja moja, yameliwa na kutu, Padri akiyabariki, na wenzao wakayachukua kwenda kuyalipua kwa utaratibu mwisho wa uwanja. Jioni Kobe aliporudi nyumbani na kuulizwa wamefika wapi, kwa mara ya kwanza alijibu, "Tumefika nyumbani, mama." Mama alishika mdomo kwa viganja vyote viwili. Mdogo wake alitoka palepale kwenda kuhesabu matofali, akarudi akisema yanatosha vyumba viwili na baraza. Kuhusu shimo Kobe hakusema neno. Alifikiri atalisema likiisha.

Asubuhi ya mkasa kulikuwa na mawingu mazito upande wa mlimani. Kobe aliyaona, na kila alipoyaona mkono wake ulitaka kwenda mbio. Karibu na mchana aliona pembe ya sanduku la mbao iliyooza. Alijua la kufanya. Alifungua kinywa amwambie Padri wasimame, ndipo akaona kitu kingine ubavuni mwa sanduku: weupe kidogo, kama jino, ukichungulia kwenye udongo mwekundu. Lilikuwa jiwe.

"Padri."

"Naam."

"Nimeona sanduku."

"Basi tusimame."

"Dakika moja tu. Kuna kitu nakitoa."

Padri alimtazama kupitia kioo. Walikuwa wamefanya kazi pamoja muda mrefu, na alikuwa hajawahi kumsikia akisema maneno hayo. "Haya," alisema. "Nakushikia udongo wa upande huu usiporomoke." Akapeleka mkono.

Hakukuwa na mlipuko. Kitu fulani kilitoa sauti ndogo, kama bati kukunjwa, kopo lililooza likapasuka chini ya kiganja cha Padri, na moshi mweupe ukatoka bila moto, mzito, ukinuka kitunguu saumu. Ilikuwa fosforasi, ile ambayo ikionana na hewa huwaka yenyewe na ikishika ngozi haibanduki. Padri alipiga ukelele mmoja tu. Kobe alimkamata kwa mshipi wa fulana, akamburuta hadi kwenye pipa, akazamisha mikono yake majini, na hata majini iliendelea kutoa moshi kila ilipopanda juu. Filimbi ililia na kulia. Watu walimwaga mchanga wenye maji juu ya shimo, ndoo baada ya ndoo, hadi jiwe, sanduku na moshi vyote vikapotea.

Padri hakufa. Siku Kobe alipoenda hospitali alimkuta ameegemea mto, mikono imefungwa bandeji kubwa kama ya bondia.

"Nilisahau kulibariki," Padri alisema, akajaribu kucheka.

Mke wake alikuwa amekaa upande wa pili wa kitanda, kanga imekazwa kiunoni. Hakumkaribisha Kobe wala hakumfukuza. Alimsubiri asimame kuaga, ndipo akamfuata hadi kwenye ukumbi wa wodi.

"Wifi," alisema, kwa sauti ya chini ili mgonjwa asisikie. "Kila siku mume wangu ananiambia nisiwe na wasiwasi, eti anafanya kazi na kobe. Mimi nikawa nalala usingizi. Siku ile kobe alikuwa anakimbilia wapi?"

Kobe alifungua kinywa. Angeweza kusema juu ya mvua, juu ya mama, juu ya jiwe. Yote yalikuwa kweli, na yote pamoja hayakufikia uzito wa kidole kimoja cha mtu yule. Alisema, "Nisamehe, wifi."

"Daktari anasema mkono wa kulia hautafumba tena. Ataushikaje wembe?" Mwanamke yule akageuka, akarudi ndani.

Mhandisi alikuja safari hii bila kucheleweshwa. Ajali ndiyo ilimwita. Alikuwa mtu mpole, mwenye kusikiliza, na hilo ndilo lililomuumiza Kobe zaidi, kwamba hakupata wa kumkasirikia. Alipima, akatazama picha za shimo, akamwita pembeni. Alikuwa ameshaambiwa kiwanja ni cha nani.

"Dada, nitakwambia kama ambavyo ningependa niambiwe mimi," alisema. "Hili shimo ni refu kuliko mtu. Humo ndani fosforasi imechanganyika na makombora yenye viwashio vilivyooza. Kila sanduku tutakaloinua linaweza kuondoka na kikosi chote. Siwezi kumpeleka mtoto wa mtu humo."

"Kwa hiyo?"

"Tutamwaga zege juu. Nene. Tuzungushe uzio kuanzia kijitoni hadi barabara ya juu."

"Msingi wa nyumba uko mbele ya shimo. Tungejenga mbele..."

"Uzio unauchukua msingi pia. Pole sana."

"Hadi lini?"

Mhandisi alitazama viatu vyake. "Nikikwambia hadi siku fulani nitakuwa nakudanganya. Hakuna atakayerudi kulifungua."

Filimbi aliondolewa usimamizi, akapelekwa ghala la vifaa kugawa glavu na tochi. Hakumlaumu Kobe hata kwa jicho, na walipokutana walijuliana hali kama majirani wawili waliofiwa. Kobe alipewa onyo na kuhamishiwa upande wa mlimani.

Nyumbani alisema yote mchana wa siku ya mapumziko. Mama alikuwa akishona kifungo cha blauzi yake, uzi umemshinda kuingia tundu la sindano. Kobe alimtungia, akamrudishia, kisha akaanza kueleza: shimo, moshi, mikono ya Padri, zege. Mdogo wake alisimama mlangoni, amejaza fremu yote.

"Mimi najenga," alisema. "Wachukue uzio wao wapitishe wanakotaka. Zege liko nyuma, nyumba iko mbele, kuna ubaya gani?"

"Ardhi ya pembeni hatujaisafisha yote. Ukichimba msingi..."

"Dada, ulituambia mmefika nyumbani! Kwa mdomo wako! Mke wangu ameshachagua upande wa dirisha!"

"Nilisema."

"Ukamwambia mama yetu, akalia kwa furaha hapa hapa!"

"Mwache mwenzako," mama alisema.

Mdogo wake alitoka. Walimsikia nyuma ya nyumba akivuta nailoni. Siku chache baadaye aliyauza matofali yote kwa mtu aliyekuwa akijenga vyoo vya kupangisha.

Mama alishona kifungo hadi mwisho, akakata uzi kwa meno.

"Jiwe langu uliliona?"

"Nililiona, mama."

"Liko vilevile?"

"Ni jeupe bado."

"Na yeye je? Yuko chini yake?"

Kobe alijua jinsi shimo refu linavyochimbwa, alijua udongo ulivyotupwa na kurudishwa ovyo, na jiwe lilivyokaa ubavuni mwa sanduku kama takataka nyingine yoyote. Alitafuta uongo mzuri akaukosa. Ukweli nao haukuwa kitu cha kumpa mzazi. Alinyamaza. Mama alimtazama usoni, akausoma ule ukimya, akaikunja blauzi vizuri na kuiweka mapajani.

Siku ya kumwaga zege Kobe aliomba ruhusa. Alisimama nje ya uzio na mama yake, amemshika kiwiko, wakati malori yenye mapipa yanayozunguka yakiteremka bondeni moja nyuma ya jingine kupitia njia aliyoisafisha yeye mwenyewe kwa magoti yake. Zege lilimwagika zito na la kijivu. Wafanyakazi walilisawazisha kwa mbao ndefu, wakirudi kinyumenyume. Kwa mbali lilionekana kama baraza la nyumba kubwa ambayo wenyewe wamechelewa kuijenga.

"Maskini mume wangu," mama alisema. "Maisha yake yote tulikanyaga udongo. Kila mwaka ananiambia, mwakani nakuwekea sakafu. Sasa tazama. Yeye ndiye amewekewa."

Kobe hakujua kama acheke. Mama ndiye aliyecheka, kidogo, kisha kicheko kikamkwama, akaomba arudishwe ndani.

Tangu siku hiyo hakutoa tena kigoda mlango wa nyuma, wala hakuuliza kitu. Binti akirudi alimkuta kitandani ameelekea ukutani, amevaa vizuri, nywele zimesukwa, kama aliyejiandaa safari iliyoahirishwa. Daktari hakuona ugonjwa wa kuupa jina. Alisema ni umri, akaandika vidonge vya nguvu. Mvua zilipokuja kwa wingi mama alikuwa ameacha kula, na zilipokatika hakuwepo. Walimzika kwenye makaburi ya halmashauri, nje ya mji, ambako makaburi hupangwa kwa safu zilizonyooka na anayelala kulia kwako huwezi kumchagua. Mdogo wake alilisakafia kaburi kwa mikono yake, na manyunyu ya ghafla yalipoanza aliinamia saruji mbichi na kuikinga kwa koti.

Padri alikuja mazikoni. Mkono wa kulia ulikuwa umekunjamana kama jani kavu. Kobe alinyoosha mkono wake kumsalimu, akasita ashike wapi. Padri akampa wa kushoto.

Baada ya matanga mdogo wake alifunga virago. Alikuwa amepata kazi ya ujenzi mji mwingine, mkewe ameshatangulia. Asubuhi ya kuondoka alimkuta dada yake mlangoni akifunga kamba za viatu vya kazi.

"Unakwenda?"

"Nakwenda."

"Dada, sasa unamsafishia nani?"

Kobe alikaza fundo, akalifungua, akalikaza upya. "Sijui," alisema.

"Basi acha."

"Nikiacha nifanye nini?"

Mdogo wake aliinama. Alimbusu utosini kama ambavyo mama angefanya, akatupia begi begani, akaelekea stendi.

Kobe alivuka barabara akaingia kambini. Upande wa mlimani ulikuwa na viwanja vya watu asiowajua, na mawe mengi, na kigunduzi kililia kila mara kwa upuuzi. Alipiga magoti. Mchana walipata makombora mawili yaliyolala pamoja kama pacha, wakatandaza waya, wakarudi nyuma, wakayalipua. Mlipuko ulitikisa madirisha ya nyumba zote zilizotazamana na uzio. Hapo zamani watu wangetoka nje kutazama. Siku hiyo hakuna mlango uliofunguliwa. Vumbi lilishuka, Kobe akateremsha kioo cha kofia, akarudi kwenye utepe.